Nyota ya Masizi na Macho ya Mutiso

Tangu nirudi, duka langu la dawa za mifugo limegeuka baraza. Mtu anaingia kununua dawa ya kupe, anasahau kupe, anauliza, "Ndunge, ni kweli mlienda mpaka jangwa la Chalbi kuangalia nyota ambayo haionekani?" Ni kweli. Na kwa kuwa nimechoka kuisimulia nusu nusu huku ng'ombe wa watu wakiliwa na kupe, nimeiandika yote. Asomaye asinisumbue tena.

Kwanza mjue tulivyo. Sisi ni watatu tunaopenda nyota. Kuna Mwalimu Kioko, aliyefundisha fizikia hadi akastaafu na bado hajaacha kufundisha. Kuna mimi, ninayekaa Mumbuni, Machakos, na kupanda juu ya tangi la maji usiku, majirani wakiniombea. Na kuna Mutiso, fundi wa vinyago wa Wamunyu, aliyeachia shule darasa la sita na ndiye mwenye jicho kali kuliko sisi wote. Darubini yetu kubwa aliitengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki na kioo alichopata Mwalimu, na miguu yake mitatu aliichonga kwa mti mzuri mpaka mtu anaona haya kuiweka chini.

Nyota yenyewe iko katika kundi la Mshale. Ikiwa nzima unaiona kwa darubini ndogo ya macho mawili bila shida. Halafu siku moja, bila taarifa, inatoa wingu la masizi na kujifunika. Kwa nini ifanye hivyo mwaka huu na si mwaka ujao, hata wataalamu hawajui. Ndiyo maana tunailinda kwa zamu, na tumeipa jina la Mama Masizi.

Ukali wa nyota huandikwa kwa namba, na namba hizo huenda kinyume: ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Mama Masizi akiwa mzima ni sita na nusu. Jioni moja ya Novemba, Mumbuni kukinyesha, mawingu ya Wamunyu yalifunguka kidogo, na Mutiso akiwa peke yake akaandika nane na nukta tatu. Mwalimu akaituma namba hiyo kwa chama cha ng'ambo kinachokusanya vipimo. Mama anayesimamia orodha alijibu kwa adabu sana. Siku nne kabla, mtu wa kusini kabisa mwa dunia alikuwa ameiona nyota nzima. Kwa hiyo kipimo cha Mutiso kimewekewa alama ya kuuliza, na kisipothibitishwa kitafutwa. Kisha akaongeza, kwa wema, kwamba pengine ndugu huyo angefaidika kupimwa macho.

Kumwambia fundi wa vinyago maneno hayo ni kumwambia ajiandae kufa njaa. Mutiso alisomewa barua mara moja tu. Kesho yake akafunga patasi zake ndani ya gunia. Mkewe akanipigia simu: "Ndunge, huyu mtu amekaa tu. Anaangalia mikono." Nikaenda. Nikamwambia basi twende hospitali upimwe, tumalize. Akasema, "Na wakisema ni mbaya, nitafanya kazi gani?" Alikuwa ameanza kuamini, na kila mstari wa mchongo uliokuwa umepotoka mkononi mwake mwaka huo sasa aliukumbuka.

Basi mambo yalikuwa mawili. Ama nyota imefifia, ama macho ya Mutiso ndiyo yanafifia. Mvua ilikuwa imekaa juu ya Machakos, na Mama Masizi alikuwa akishuka magharibi kila jioni. Siku chache tena angezama katika mwanga wa jua na kufichika kwa majuma mengi. Wachache wanaomtazama huko kusini walikuwa wameshamwacha. Mwalimu akasema, "Mawingu hayatuondokei kwa hiari, sisi ndio tutayatoroka." Tukaenda kutafuta jangwa.

Mumbuni hadi Athi River

Tulibebwa na lori la saruji. Dereva wake, Guyo, ni mteja wangu; hununua kwangu dawa ya minyoo ya mbuzi na kuipeleka kwao, ng'ambo ya Maikona, kwenye ukingo wa Chalbi. Safari hiyo alikuwa anapeleka saruji ya kujengea tangi la maji huko kwao. Tulifika Athi River saa mbili asubuhi. Tuliondoka saa kumi.

Sitaeleza foleni ya kupakia saruji kwa sababu bado ina uwezo wa kunipandisha hasira. Nitasema tu kwamba nililala, nikaamka, nikala muthokoi wote, yale mahindi na maharagwe niliyopika yawe ya safari ya siku mbili, na lori lilikuwa limesogea urefu wa lori moja. Kijana mmoja wa kupakia aliona nimenuna. "Niaje madam," akasema, "hapa huwa tunangoja hadi jua ichoke." Mwalimu alitumia muda huo kuwafundisha wapakiaji kwa nini mbingu ni ya buluu. Walimsikiliza kwa sababu walikuwa hawana pa kwenda.

Mutiso hakula. Alikaa kando ya darubini iliyofungwa blanketi, na kila gari lilipopita barabarani nikaona anajaribu kusoma namba zake. Nilijifanya sijaona.

Athi River hadi Isiolo

Mwalimu alipewa kitanda kile chembamba nyuma ya kiti cha dereva, na kutoka huko akatusomea sheria. Sheria yetu kubwa ni moja: hutaji namba yako kabla wenzako hawajaandika zao. Kila mtu anakadiria peke yake, anaandika kwenye karatasi, anaikunja. Ukisikia ya mwenzako, jicho lako linaanza kumfuata.

"Lakini kuna shida," akasema tulipopita Sagana. "Mimi na Ndunge tunajua Mutiso aliandika nane na tatu. Tena tunamtakia mema. Hayo sio macho ya kuaminiwa."

"Sasa umeona hiyo leo?" nikamuuliza. "Tukiwa Sagana?"

"Tutahitaji mtu ambaye hajui kitu. Jicho safi."

"Guyo, wewe unajua?" nikauliza.

"Mmeongea hiyo maneno tangu Athi River," Guyo akasema. "Hata saruji inajua."

Karibu na Isiolo tulisimamishwa kwenye kizuizi. Afande alimulika blanketi, akagonga bomba kwa kidole, na nikaona sura yake ikibadilika. "Hii ni nini, mama? Hii ni ya kurusha?" Nikamwambia ni ya kuangalia. Hakuamini mpaka tulipoifungua na kuielekeza kwenye taa ya petroli stesheni iliyokuwa mbali. Akainama. Akakaa pale dakika nzima.

"Mbona maandishi iko juu chini?"

"Nyota haina juu wala chini, afande," Mwalimu akasema, na angeendelea, lakini nilimkanyaga mguu. Afande akamwita mwenzake naye aangalie. Tuliwaacha wakibishana kama yule wa pampu alikuwa mwanamume au mwanamke.

Isiolo hadi Marsabit

Tulilala Isiolo. Asubuhi tukanywa chai na mahamri, na barabara ikanyooka. Sijawahi kuona mbingu pana hivyo. Kutoka Archers hadi Laisamis hapakuwa na wingu hata la kufutia kiatu. Nilianza kuimba. Hata Mutiso alitoa kichwa nje akatabasamu kidogo.

"Hapa ndipo kwenyewe!" nikasema. "Tushukeni hapa hapa."

Mwalimu akakataa. Alikuwa amesoma kwamba Marsabit ni mji wa jangwani, na tena kuna mlima. Mlimani hewa ni safi zaidi. Guyo alimtazama kwenye kioo, akafungua mdomo, akaufunga. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema. "Ni mwalimu," akasema. "Utamwambia nini mwalimu?"

Marsabit

Basi kwa wale ambao hawajafika: mji wa Marsabit uko mlimani, na mlima huo una msitu, na msitu huo una ukungu. Tulipanda kutoka kwenye jua kali, na baada ya dakika ishirini nilikuwa navaa sweta. Kufika saa kumi na moja jioni hatukuweza kuona ng'ambo ya barabara. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye masikio ya punda.

Mwalimu alisimama katikati ya ukungu ule na ramani yake ya nyota ndani ya karatasi ya plastiki. "Huenda ukafunguka," akasema.

"Huu?" mwenye hoteli akacheka. "Huu ndio wetu. Karibuni chai."

Nilimkasirikia Mwalimu, na sitaficha. Nilimwambia kwamba tungebaki Machakos tungelowa bure bila kusafiri. Aliikunja ramani yake akaingia ndani. Mutiso ndiye aliyetupatanisha. "Si kosa yake," akasema. "Na pengine ni heri. Nikikosa kuiona kwa ukungu, si macho." Alisema hivyo kwa utulivu, na nikajua anaiogopa nyota ile kuliko sisi sote. Jioni ya kwanza ilipotea namna hiyo.

Kushuka Chalbi

Asubuhi tuliteremka upande wa pili, na ukungu ukaisha kama mtu aliyefunga mlango. Baada ya Maikona ardhi ikawa nyeupe kwa chumvi, tambarare mpaka macho yanakosa cha kushika. Mvua za huko zilikuwa zimepita upesi na ardhi imekauka. Kijijini kwa Guyo kuna nyumba chache, kisima, shule, na hoteli ya dada yake, Talaso. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi wa kibuyu, na nyama ya mbuzi iliyokaushwa na kukaangwa. Nilikula mpaka Talaso akaniuliza kama Machakos kuna njaa.

Saa kumi tulibeba darubini hadi nje ya kijiji. Mutiso alisimamisha miguu yake mitatu juu ya chumvi. Hakuwa amekaza hata skrubu moja watu walipoanza kutoka. Wanaume kumi, halafu ishirini. Wakatuzunguka bila kusalimu, na huko, mjue, kukosa kusalimiwa ni jambo.

"Hapa hapapimwi," mmoja akasema.

"Hatupimi hapa," Mwalimu akajibu. "Tunapima kule juu."

Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. Guyo, aliyekuwa anashusha saruji, alikuja mbio kutueleza. Watu wenye kitu cha miguu mitatu walikuwa wamefika huko mara mbili. Kila mara walisema hawapimi ardhi, na kila mara malisho fulani yakapata mwenyewe mpya ambaye hakuna aliyemjua. Tena sisi tulikuja na lori la saruji! Nani asingeamini kwamba tumekuja na mipaka yetu tayari?

Chifu aliitwa. Alikuwa mtu mpole, akasikiliza yote, akasema tungoje hadi kesho wazee wakae. Jua lilikuwa linazama. Mama Masizi alikuwa pale magharibi, na mbingu safi kuliko nilivyowahi kuiona maishani, na sisi tumekaa hotelini kwa Talaso tukilindwa na wanaume wawili wenye fimbo. Nililia. Nilikuwa na hasira nikalia mbele ya watu nisiowajua. Na Guyo alikuwa ameshatuambia: saruji imeshuka, anaondoka keshokutwa alfajiri.

Jioni ya tatu

Wazee walikaa kuanzia asubuhi. Mwalimu alieleza kuhusu masizi ya nyota, Guyo akitafsiri, na kila alipoeleza zaidi nyuso zilizidi kufunga. Saa nane chifu alikuwa bado anatikisa kichwa.

Ndipo Mutiso akasimama.  Alitoka nje, akafungua miguu ya darubini mmoja mmoja, ile aliyoichonga miezi miwili, akarudi nayo kifuani. Akaiweka chini mbele ya chifu.

"Kama ni miguu mnaogopa," akasema, "chukueni miguu. Kaeni nayo hata mkichoma. Mimi nataka bomba peke yake. Bomba haipimi shamba." Kisha akaongeza, "Nimekuja kujua kama macho yangu iko sawa. Ni hiyo tu."

Guyo alitafsiri. Mzee mmoja aliuokota mguu mmoja, akapitisha kidole kwenye mchongo, akampa mwenzake. Ulizunguka wote. Sijui walisema nini, lakini chifu alicheka, na Talaso, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema kwa Kiswahili ili tusikie: "Mpimaji hawezi kuacha miguu yake. Hawa waacheni waangalie."

Kwa hiyo jioni hiyo darubini ilisimama juu ya mitungi sita ya maji na mifuko ya mchanga, na miguu yake ikawa imefungiwa kwa chifu. Kijiji kizima kilikuja. Upepo ulikuwa ukipuliza vumbi tangu mchana, nikasema moyoni tumekwisha, lakini jua lilipozama ukatulia kidogo. Nyota zikatoka.

Nilianza na darubini ndogo. Nilikwenda pale ninapopajua kama ninavyojua mlango wa duka langu. Palikuwa patupu. Nilirudia mara tatu. Mwalimu alichukua, akatazama, akanirudishia bila neno, maana sheria ni sheria. Tukamwelekezea darubini kubwa. Mwalimu akatazama, akaandika kwa tochi iliyofungwa kipande cha sweta nyekundu, akakunja karatasi. Nikatazama mimi. Nikaandika, nikakunja.

"Mutiso," nikasema.

"Jicho safi kwanza," akasema. "Mimi wa mwisho."

Jicho safi alikuwa Talaso. Alikuwa hajui namba yoyote, wala nyota ilipaswa kuwaje. Mwalimu alimchorea nukta nne na kumwuliza azipange kuanzia yenye nguvu. Nyota tatu kati ya hizo ukali wake unajulikana. Ya nne ilikuwa Mama Masizi, naye hakuambiwa ni ipi. Talaso aliinama, akashika kitambaa chake cha kichwa kisipepee.

"Hii ya kwanza," akasema, akigusa karatasi, Mutiso akiwa amesogea mbali asisikie. "Halafu hii. Halafu hii kidogo, hii imechoka. Na hii ya mwisho ndiyo ndogo kabisa."

Aliyechoka alikuwa Mama Masizi. Alikuwa amepitwa na nyota yenye ukali wa tisa na nukta nane; tangu ile nane na tatu ya Mutiso alikuwa amezidi kufifia.

Mutiso akapiga magoti kwenye chumvi. Alikaa kwenye kioo muda mrefu mpaka watu wakaacha kuongea. Aliandika, akakunja, akampa Mwalimu. Ndipo Mwalimu akazifungua karatasi na kuzisoma kwa sauti ya darasani. Yake: kumi na nukta moja. Yangu: kumi na nukta mbili. Ya Mutiso: kumi na nukta mbili.

 Halafu Mutiso akasema polepole, "Si mimi." Akasimama. "Si mimi! Ni yeye! Ni yeye ndiye amefifia! Asi! Asi!" akashangilia kwa lugha ya kwetu. Akamkumbatia Mwalimu, akamkumbatia Guyo, akamshika chifu mikono miwili akaitikisa mpaka kofia ikaanguka. Nilifurahi jinsi ambavyo sijafurahi tangu nizae. Kijiji hakikuelewa namba hizo, lakini kilielewa mtu aliyepona, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha kila mtu alitaka kuangalia, na tulifungua foleni ndefu kuliko ya Athi River, na hiyo sikuichukia.

Miguu tulirudishiwa kabla ya kulala. Chifu alikuwa ameifuta vumbi.

Marsabit, mara ya pili

Kijijini hapakuwa na mtandao, kwa hiyo vipimo vilitumwa kutoka hoteli ile ile ya ukungu, siku iliyofuata asubuhi. Mwalimu aliandika kila kitu, pamoja na mpangilio wa Talaso. Tukaagiza chai. Nilijua jibu linaweza kuchukua siku nyingi, lakini hakuna aliyetaka kuondoka, na Guyo alijifanya anaangalia gurudumu.

Chai ya pili haijaisha, simu ikalia. Mwalimu akasoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta, akasoma kwa sauti akitafsiri. Mtu mwingine kusini, aliyekuwa ameiona ile alama ya kuuliza, alikuwa ameitafuta nyota usiku ule ule na kupata kama sisi. Alama ya kuuliza imeondolewa. Taarifa imetumwa kwa waangalizi wa dunia nzima, na kipimo cha kwanza kabisa cha kufifia, kabla ya mtu yeyote popote, ni cha Mutiso wa Wamunyu, Kenya. Yule mama aliomba radhi kwa yale maneno ya macho. Tena aliuliza, kwa heshima, mwangalizi huyu amesomea wapi.

Watu wa meza nyingine walikuwa wameacha kula wakisikiliza. Mwenye hoteli akapiga makofi, wote wakafuata. Mutiso aliinamia kikombe chake, na machozi yakamtoka wazi wazi, hakuyafuta.

"Nimjibu nini?" Mwalimu akauliza.

"Mwambie mimi ni fundi wa vinyago," Mutiso akasema. "Mwambie asante, macho iko sawa." Kisha akaimaliza chai yake yote, akasimama, akamgeukia Guyo. "Si twende sasa? Niko na twiga wanne huko nyumbani, sijawatoboa macho."